Mpini wa Bastola ya Dada Maureen

Tottenham, London
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako Dada Mkubwa Maureen,

Pokea salamu zangu nzito, uzigawe hapo nyumbani kila mtu apate kipande chake, na Mama apate cha kwanza. Natumaini barua hii itakukuta mzima katika hiyo baridi ya Nyahururu inayojidai kuwa baridi, duka likiwa limejaa watu, na ng'ombe wa wateja wako wakiugua kwa kiasi kile kizuri cha kununuliwa dawa bila kufa. Goti la Mama linaendeleaje? Na Naftali mlinzi, mwambie nimemuulizia kwa jina. Nitamrudia huko mbele.

Sisi huku hatujambo. Ann bado yuko kwenye uuguzi wake, anarudi nyumbani miguu imevimba lakini mdomo uko salama, kwa hiyo nagombezwa kama kawaida. Daisy amenipita kimo. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, tena kama waziri bungeni: unauliza kuhusu vyombo, unajibiwa kuhusu mitihani. Mimi ni yuleyule unayemjua, kijana wa miaka hamsini kasoro kidogo, nimenenepa mahali pa heshima.

Utajiuliza kwa nini nahangaika na kalamu wakati simu ipo. Sababu ya kwanza, kwenye simu hunipi nafasi. Nikifungua mdomo unanimalizia sentensi, na mara nyingi unaimalizia vibaya. Ya pili, simu yako huwa unaiweka kwa sauti kubwa juu ya kaunta katikati ya mifuko ya mbegu, na kila mtu aliyekuja kununua dawa ya kupe anaondoka na habari za ndoa yangu. Sababu ya tatu nitaisema nikifika huko. Na mwandiko ukiuona unapanda na kushuka kama barabara ya kwenda kwa shangazi, usicheke kwanza.

Sasa tuje kwenye ule mzigo wako.

Uliniagiza nikutafutie ile ngozi ya kubandika kwenye mpini wa bastola. Nakumbuka maneno yako yote maana ule ujumbe wa sauti nimeusikiliza mpaka Ann akauliza kama nimepata kipindi kipya cha redio. Ulisema tangu wale wezi waingie dukani jioni ile wakakulaza chini juu ya sakafu, huwezi kufunga mlango bila kitu kiunoni. Ulisema ulipita mafunzo, ukapata leseni yako kwa njia ya haki, na kibastola chenyewe ni kidogo, kinalala chini ya sweta hakuna anayejua. Tatizo, ulisema, ni mpini. Laini kama sabuni. Ndipo ukanisimulia kisa cha Naftali: ulivyosikia mlango wa stoo ukifunguka asubuhi kabla hujafungua duka, ukachomoa, ukanyoosha, kitu kikakutoka mkononi kikaangukia magunia ya chakula cha kuku; na mwizi mwenyewe ni Naftali wa watu, amekuletea chai kwenye chupa, macho yamemtoka kama amekutana na malaika wa zamu. Ulicheka mpaka ukakohoa. Ukasema Naftali sasa anabisha hodi hata akipita kwenye geti ambalo halina mlango.

Halafu ukasema umeona kwenye ile picha niliyokutumia nikiwa kazini, mashine yangu ya kunyolea nimeivalisha kitu cheusi chenye vipele kwenye mshikio, na kama kinyozi anaweza kuvalisha mashine, basi nikutafutie nguo kama hiyo ya bastola yako. Ukanimaliza kwa kusema si mimi ndiye ninayeijua London yote?

Dada, unajua udhaifu wangu. Mtu akiniuliza kama naijua London, hata angekuwa anataka kununua daraja, nitamwambia aje kesho na kamba ya kulivutia. Nikakujibu palepale kwamba jambo lenyewe ni dogo na ninajua duka. Nilikuwa sijui duka. Nilikuwa hata sijui kama kuna duka.

Kosa la kwanza nililifanya saluni kwetu, Jumamosi, watu wamejaa mpaka wengine wamekaa kwenye kreti za soda. Nilikuwa kaunta, maana kama nilivyokueleza siku hizi mimi ni meneja, napokea simu na kupanga zamu za watu. Nikaona hapa ndipo penye elimu ya dunia: Wanigeria, Wajamaika, Wakongo, Wasomali, hakuna kitu ambacho mmoja wao hajui kinapouzwa. Nikasimama, nikapiga makofi, nikauliza kwa sauti, kwa Kiingereza changu kile cha kujiamini, nani anajua mahali pa kununua ngozi nzuri ya mpini wa bastola ya kuficha kiunoni.

Nakuambia mashine zote zilizima kwa pamoja. Hata feni iliona aibu. Kijana mmoja, kichwa kimenyolewa upande wa kushoto tu, alishuka kwenye kiti na shuka lake shingoni akasema amekumbuka ameacha jiko linawaka. Hakurudi, na shuka letu alienda nalo. Miradie, mama Mkongo mwenye saluni, alinishika sikio, Dada, sikio la meneja, akanipeleka nyuma kwenye sinki la kuoshea nywele. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi kama nimerukwa na akili ao nataka watufungie milango. Akasema hapa hata polisi wa barabarani hana bastola, sasa mimi ninatangaza kama muuza nyanya? Nikamweleza ni ya dada yangu, mfanyabiashara, ana leseni, yuko Kenya. Akasema basi dada yangu ana akili na mimi nilibaki na mdomo. Wiki nzima kila akipita kaunta ananiita Komanda.

Ndiyo hivyo. Nyumbani mtu mwenye leseni anaongea habari za bastola yake kama habari za pikipiki. Hapa neno lenyewe linafukuza wateja. Nimekaa nchi hii miaka yote hii na bado nilisahau niko wapi.

Kosa la pili nililifanya kwako wewe mwenyewe, na hilo sijutii. Nilikuomba uchore viganja vyako kwenye karatasi unitumie picha. Nilifikiri kama viatu. Si ndivyo tunavyofanya sisi sote? Mtu nyumbani akitaka viatu vya ng'ambo anakanyaga karatasi, anazungushia kalamu, unyayo unasafiri kwenda Ulaya, viatu vinarudi. Vile vyekundu vya harusi ya mwanao Allan nilikununulia hivyohivyo, vikakukaa kama vimeota mguuni. Nikasema basi mpini ni kiatu cha mkono. Ukanitumia picha ya karatasi, viganja viwili vimetanua vidole, na chini yake umeandika nisikuletee kitu kikubwa kama vile nilivyomletea Mama sweta.

Nikabeba simu yenye viganja vyako nikaenda Ilford. Kuna mzee pale anaitwa Chandrakant, ana duka la vifaa vya michezo, magongo ya kriketi na hoki yamesimama mlangoni kama wanajeshi. Amezaliwa Kisumu, ameondoka zamani, lakini Kiswahili hakijamtoka, na ukimwambia umetoka Kenya kwanza anakutukana kwa furaha. Miradie ndiye aliyenielekeza, baada ya kuchoka kunicheka. Safari hii nilikuwa nimejifunza. Niliinama nikamnong'oneza. Yeye akajibu kwa sauti ya soko zima kwamba anajua, ujana wake alikuwa mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha, na mpaka leo ana wateja wanaoshindana kwa bastola za hewa, kwa nini nanong'ona kama nauza bangi?

Kisha nikamwonyesha viganja vyako. Alivua miwani, akaifuta, akavaa tena. Akaniuliza hiki ni nini. Nikasema ni kipimo. Akacheka, Dada, mpaka mkewe Lila akatoka nyuma kuangalia nani amekufa. Akasema ngozi inakatwa kwa umbo la bastola, bwana, si kwa umbo la mkono. Ukijua aina na namba ya muundo umemaliza. Hiki si kiatu! Akamwonyesha Lila, na Lila akasema afadhali nimeleta mkono tu, ningeweza kuja na dada mzima.

Lakini baada ya kucheka alinikalisha, na hapo nilijifunza mambo. Ngoja nikufundishe na mimi nijisikie msomi.

Zipo aina tatu. Ya kwanza ni ya mpira wenye vipele vidogo, kama ile ya mashine yangu. Inashika vizuri, haiumizi ngozi, ila kwa mtu anayeficha silaha chini ya nguo ina ubaya wake: mpira unang'ang'ania sweta. Ukiinama kuchukua mfuko wa mbegu, sweta inabaki imekwama juu, kila mtu anaona ulichobeba. Ya pili ni kama msasa, chembechembe kali. Hiyo haitoki mkononi hata ukiwa umeshika samli. Lakini ukiibeba kutwa nzima ubavuni inakula nguo, na baada ya nguo inakula mwenye nguo. Ya tatu iko katikati, laini kidogo, ukiigusa ni kama ulimi wa paka.

Mzee akaniuliza maswali kama daktari. Dada anabeba mbele au ubavuni? Inagusa ngozi au kuna fulana katikati? Mkono wake unatoka jasho au ni mkavu? Nikajibu yote kwa uhakika, mengine nikabuni. Ushauri wake ukawa huu: msasa ukae mbele na nyuma ya mpini tu, pale vidole vinapofumba, na ule upande unaolalia mwili uwekwe ulimi wa paka. Kabla ya kubandika ufute mpini kwa spiriti, uache ukauke, ubandike polepole bila kufunika kitufe chochote wala namba ya silaha, halafu upashe moto kwa draya ya nywele na kukandamiza kwa kidole mpaka gundi ishike. Nikamwambia kwenye spiriti na draya amefika kwa mwenyewe. Akanipa kipande cha gongo bovu la kriketi na mabaki ya ngozi nijaribu kubandika mbele yake. Nikamwambia abandike yeye, mteja ni mfalme. Akabandika yeye.

Ukanitumia aina na namba ya bastola, akaagiza, ikaja, nikaenda kuichukua. Kazi kwisha. Nilipaswa kukupigia simu nikajisifu mpaka chaji iishe.

Sikukupigia. Na sasa nimesimama, nimezunguka hii meza, nimefungua friji nisichukue kitu, nimerudi kukaa. Leo yote niko hivyo. Ann ameenda chumbani, anasema ananiacha na kalamu yangu tupigane wenyewe.

Nilivyotoka Ilford ile mara ya kwanza, nilikaa kwenye treni nikafungua tena picha yako. Nilitaka tu kucheka. Nikaikuza kwa vidole, nikaona kiganja cha kulia. Mstari wake ni mzuri, umezunguka kidole kwa kidole bila kusita. Nikasogea kwenye kiganja cha kushoto. Huko mstari ulikuwa unatetemeka. Vimeno vidogo vidogo vya msumeno, kuanzia kidole gumba mpaka kile cha mwisho, na pale kwenye kifundo kalamu imeruka kabisa.

Nikafikiri ni treni. Nikasubiri isimame Stratford. Mstari ukabaki vilevile.

Fikiri na mimi, Dada. Mtu akichora viganja vyake mwenyewe, kiganja cha kulia kinachorwa na mkono wa kushoto. Huo ndio unaopaswa kuwa mbaya, maana hakuna kati yetu anayeandika kwa kushoto. Na kiganja cha kushoto kinachorwa na mkono wa kulia, mkono wako wa shule, ule uliokuwa unaandikia barua za mtaa mzima kwa sababu ya mwandiko wake. Wako umekuwa kinyume. Mkono unaotetemeka ni ule wa kulia. Ni ule unaoshika bastola.

Nilishuka Stratford ambapo sikuwa na shughuli, nikatembea ndani ya lile duka kubwa juu na chini, nikipanda ngazi zinazojiendesha na kushuka kama mtu aliyepoteza mtoto. Nikakumbuka siku mlipopeleka mahari ya Allan, tulipokuwa tunaangalia kwa simu, ulimwagia mzee wa upande wa pili chai mapajani, watu wote wakacheka, na wewe ukasema kikombe kinateleza. Nikakumbuka uliniambia umeacha kuandika risiti, anaandika yule msichana wako, eti macho yako yanachoka. Kikombe kinateleza, kalamu ni nyembamba, mpini ni sabuni. Kila kitu kina kosa isipokuwa mkono.

Nakujua hivyo kwa sababu nilikuwa na orodha hiyohiyo.

Sasa hii ndiyo sababu ya tatu. Dada, mimi si meneja. Hapa hakuna meneja, Miradie anajiendeshea saluni yake mwenyewe na ananiogopa kama anavyoogopa mende. Sijanyoa mtu tangu Pasaka. Ile ngozi nyeusi uliyoiona kwenye mashine yangu ukaipenda, haikuwa mtindo. Niliwaambia watu ni mtindo. Niliivalisha kwa sababu mashine ilikuwa inanicheza mkononi, nikasema mashine ni laini, nikaweka mpira. Ikaendelea kucheza, nikaweka msasa. Nikasema ni nzito, nikanunua nyepesi. Na kwa kweli ilishika, Dada. Haikuanguka tena hata mara moja. Asubuhi moja nikamweka kitini bwana harusi, Mghana, kijana mtulivu, kanisani anangojewa. Nilikuwa namalizia pembeni ya sikio. Mkono ukaruka, na mashine kwa kuwa imegandamana na mkono, ikaruka nao. Ingekuwa laini ingeniponyoka ikaanguka chini. Alioa akiwa na plasta kubwa sikioni, na picha zote zimepigwa upande mmoja. Alinialika hata hivyo, nikacheza kuliko ukoo wake wote. Niliporudi nyumbani sikuweza kufungua vifungo vya shati.

Ann alikuwa ameshaona zamani kwamba nashika kikombe kwa mikono miwili. Alinipeleka kwa daktari kama mbuzi anavyopelekwa kuogeshwa. Huko hospitali mama mmoja daktari alinipa kalamu akaniambia nichore duara la konokono, kutoka katikati kwenda nje. Nikachora. Konokono wangu alikuwa na meno, kama kiganja chako. Ndiyo maana nilipouona mstari wako kwenye treni sikuhitaji kuuliza mtu.

Daktari alisema ni ugonjwa wa mtetemeko wa mikono, hauui, na mara nyingi unatembea kwenye damu ya familia. Akauliza kama kuna mwingine kwetu. Nikasema hakuna, ila baba yetu alikuwa akitetemeka kwa sababu ya pombe. Alinitazama tu, akaandika. Nilikuwa kwenye basi narudi Tottenham ndipo nikajiuliza ni lini niliwahi kumwona Baba amelewa. Nimejiuliza toka siku ile. Wewe ni mkubwa, unakumbuka zaidi: uliwahi? Nakumbuka trei. Nakumbuka Jumapili ya meza ya Bwana, Baba anapita na trei ya vile vikombe vidogo, vinagongana vyenyewe, kanisa zima linavisikia. Wazee wa kanisa wakamnyang'anya trei. Watu wakasema ni chang'aa, sisi pia tukasema, na yeye akanyamaza, labda na yeye aliamini kuna kitu kinateleza. Tumemzika na jina la mlevi. Hakunywa, Maureen. Sasa nina uhakika hakunywa.

Mimi si daktari, na wako unaweza kuwa kitu kingine kabisa, baridi, mishipa, tezi, wao ndio watakaojua. Lakini nirudi kwa Naftali kama nilivyoahidi. Siku hizi kila ninapofika pale unapocheka kwenye ule ujumbe, nauzima. Bastola ilikutoka, ikaangukia magunia, Naftali akanywa chai yake. Niliponunua ile ngozi nilikuwa nanunua ili isikutoke. Ingekuwa imevaa msasa wa Chandrakant asubuhi ile, ingebaki mkononi, kidole kwenye kifyatulio, na mkono unaruka kama wangu ulivyoruka. Leo ungekuwa unanipigia simu ya namna nyingine.

Nimekuwa na hiyo ngozi kwenye droo, na kila ukiuliza nakudanganya kwamba haijafika. Imefika, Dada. Ni nzuri. Ila sikuletei.

Ninajua ninachokuomba. Sikuwa mimi niliyelazwa kwenye sakafu ile. Kukuambia uipeleke hiyo bastola kituo cha polisi wakutunzie mpaka daktari aione mikono yako, ni kukuambia ufunge duka jioni ukiwa umevuliwa. Kwa hiyo sikuombi bure. Nimeongea na Allan bila kukuuliza, nigombeze kwa hilo. Atakuwa anatoka kazini kwake anakuja kufunga na wewe kila siku, na duka lifungwe jua likiwa bado juu, wakulima watazoea, ng'ombe hawanunui dawa wenyewe. Na mimi nakuja Desemba, nitakaa mlangoni na Naftali. Nikiongea tu kwa saa mbili mwizi yeyote atajisalimisha.

Lakini nenda kwa daktari kabla sijafika. Mimi nimepewa vidonge, na vimesaidia. Barua hii yote nimeiandika kwa mkono wangu wa kulia. Imenichukua Jumapili nyingi, lakini mwandiko ni wangu.

Kifurushi anakileta Zainab wa Mombasa, anafanya kazi wodi moja na Ann na anakuja harusini kwao. Atakutumia kutoka Nairobi. Alipoulizia kilichomo nikajisahau nikataja bastola, basi alinifungulisha kila kitu juu ya kitanda mbele ya Ann, akanusa hata gundi. Utakuta humo kikombe chenye masikio mawili, usicheke, ni kizuri, nami ninacho ndugu yake. Utakuta kalamu tatu na mwiko. Vyote vimevaa ile ngozi ya ulimi wa paka. Chandrakant aliikata mwenyewe akanung'unika kwamba maisha yake yote hajawahi kuombwa kuvalisha mwiko. Kwa kikombe na kalamu inafaa sana. Kikombe kikiruka kinamwaga chai tu.

Ile ya bastola inabaki hapa Tottenham, kwenye droo yangu, chini ya soksi. Sijaitupa. Siku ukitibiwa, nichoree tena kiganja cha kushoto kwa mkono wako wa kulia. Nikiona mstari umetulia nitakuletea mwenyewe na kukubandikia, na draya ninayo.

Nyuma ya karatasi hii nimechora changu, cha kushoto, kwa mkono wa kulia, ili usifikiri nakutania. Weka chako juu yake uangalie meno yanavyolingana. Halafu mwonyeshe Mama, umwambie habari za Baba na ile trei. Mwambie polepole. Nadhani yeye alijua siku zote na hakuna aliyemuuliza.

Nisalimie Allan na mkewe, watoto wote, wazee wa kanisa hapana, hao nitawasalimia mwenyewe Desemba nikiwa nimesimama. Naftali mpe kalamu moja kati ya zile tatu, na umwambie sasa anaweza kuingia stoo bila kubisha hodi.

Ann na Daisy wanakusalimu. Daisy amesema kwa Kiswahili, nimesikia kwa masikio yangu, kwamba shangazi apone.

Ni mimi mdogo wako, kinyozi asiyenyoa,

Wanjohi